Maswali Mnayotuuliza Kuhusu Albamu Yetu ya Kwanza

Tangu albamu itoke, simu ya bendi yetu ya roki hapa Dodoma haipumziki. Wengine wanauliza mambo ya maana, wengine wanauliza kama tuna wimbo wa zabibu. (Hatuna. Tulijaribu, ukatoka kama tangazo la mvinyo.) Nimekabidhiwa kazi ya kujibu mimi, mpiga besi, kwa hoja kwamba nyuzi zangu ni nne tu na hivyo nina muda kuliko wenzangu. Maswali nimeyapanga yalivyonijia.

Nyinyi ni nani hasa?

Tuko wanne: dramu, besi na magitaa mawili. Anayepiga gitaa la rithimu ndiye mwimbaji. Wawili ni wazawa wa Dodoma. Mmoja alikuja kusoma Chuo Kikuu cha Dodoma, akamaliza, akagoma kurudi kwao. Wa nne aliletwa na uhamisho wa mama yake, mtumishi wa wizara iliyofungasha mafaili kutoka Dar es Salaam. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, ila watumishi walianza kumiminika kweli kweli baada ya 2016. Sisi wazawa huwa tunalalamikia foleni na kodi za nyumba zilizopanda, lakini lazima nikiri kwamba bila ule uhamisho tusingempata mpiga dramu.

Hakuna anayekula kwa muziki. Mchana mmoja anafundisha, mmoja ana duka la vipuri vya pikipiki, mmoja anachora ramani za nyumba, na mimi natengeneza redio na simu.

Kwa nini roki? Si muziki wa Wazungu?

Gitaa la umeme lilishaingia nchi hii kabla baba zetu hawajaoa. Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz walikuwa wakilitandika tangu miaka ya 1960. Dar es Salaam miaka ya 1970 ilikuwa na Sunburst, waliopiga roki iliyochanganyika na ngoma zetu. Hapo jirani Zambia vijana wa wakati huohuo walikuwa na roki yao nzima, hadi leo inaitwa Zamrock, na bendi ya WITCH ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1972. Nairobi bendi za roki zipo hadi sasa. Botswana kuna wapenzi wa metali wanaovaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi buti, kwenye jua la Kalahari. Basi mtu akiniambia roki si ya kwetu, namuuliza kwanza "kwetu" anamaanisha wapi.

Na ndiyo, tunajua Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Kila onyesho yuko mtu anayetusogelea kutupa habari hiyo kama siri.

Mnatafuta kiki tu?

Kiki tuliyoihangaikia ni ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu wa kulia wa mpiga dramu. Ilituchukua siku mbili kuipata.

Ni muziki wa shetani?

Watatu kati yetu tulijifunzia vyombo kwenye kwaya ya vijana. Amplifaya tuliyotumia kwenye albamu ni ya kanisa, na tuliirudisha Jumamosi jioni kila wiki ili ibada isikose gitaa. Mchungaji alisikiliza nyimbo mbili, akasema maneno hayasikiki vizuri. Huo ndio ukosoaji wa kweli tuliopokea mpaka leo, na ana haki.

Albamu ilirekodiwa wapi?

Kwenye nyumba ya shangazi wa mpiga gitaa, upande wa Nkuhungu. Sebule ilikuwa chumba cha dramu, chumba cha wageni kikawa cha amplifaya, korido ikawa ya mwimbaji, na sisi na kompyuta tulikaa jikoni. Shangazi alihamishia jiko la mkaa uani kwa wiki saba bila kunung'unika, isipokuwa siku mpiga dramu alipokanyaga sufuria la maziwa.

Hapa niseme kitu ambacho hakuna aliyetuambia kabla. Tulidhani adui wa kurekodi nyumbani ni majirani. Kumbe ni bati.

Tulichagua Juni, Julai na Agosti kwa sababu Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, na mvua ikigonga bati huwezi kurekodi hata kikohozi. Tukajiona wajanja. Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, jua likapanda na paa zima likaanza kulia: ta! ta-ta! ta! Bati linatanuka likipata joto, misumari inalalamika. Jioni kuanzia saa kumi na mbili linapoa na kusinyaa, wimbo uleule kinyumenyume. Katikati kuna upepo. Anayeijua Dodoma ya Agosti anaujua upepo huo: unabeba vumbi jekundu kuanzia saa sita, unapenya chini ya mlango, unatikisa kila bati lililolegea mtaani. Majogoo na bajaji sitawahesabu.

Wiki ya kwanza tulipambana. Tukapandisha mawe juu ya paa, tukafunika madirisha kwa mablanketi, tukanyamazishana kama watu wanaovizia sungura. Kila tukisikiliza, ta! Mwimbaji akakasirika, akapendekeza twende Dar. Mpiga dramu, ambaye ndiye aliyetoka huko, akakataa katakata: alisema Dar kuna jenereta na pweza wa kukaanga chini ya dirisha, na humo nyumbani angalau kelele zina ratiba.

Hilo neno "ratiba" ndilo lililotengeneza albamu. Tulikaa siku nzima bila kupiga chochote, daftari mkononi, tukaandika nyumba inalia saa ngapi. Tukaona kuna vipindi viwili vya utulivu: saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili unusu asubuhi, na saa mbili usiku na kuendelea. Dramu huwezi kupiga usiku, watu wana watoto. Kwa hiyo dramu, besi na gitaa la rithimu zilirekodiwa mchana katikati ya kelele, maana dramu zenyewe zinafunika kila kitu. Solo za gitaa zilifuata jioni. Sauti na vyombo laini vikasubiri usiku na alfajiri. Ndiyo maana mwimbaji anasikika kama mtu aliyeamka sasa hivi kwenye wimbo wa pili. Alikuwa ameamka sasa hivi.

Kwa hiyo hizo kelele nyuma ya wimbo wa tatu ni kasoro?

Ni bati. Tuliliacha kwa sababu lilipiga karibu kabisa na mapigo.

Mlibandika trei za mayai ukutani?

Hapana, na wewe usijisumbue. Trei ya mayai haizuii sauti kutoka wala kuingia, maana sauti inazuiwa na uzito, na trei haina uzito. Inapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba tu, halafu inakusanya vumbi na mende. Sisi tulisimamisha magodoro nyuma ya mwimbaji, kwa sababu maiki inasikia kile kilicho mbele yake, yaani mwimbaji na ukuta ulio mgongoni mwake. Sebuleni tukatandika mkeka na mazulia, na kabati la vitabu la shangazi likafanya kazi nzuri kuliko kitu chochote tulichonunua, kwa kuwa vitabu vya ukubwa tofauti hutawanya sauti.

Mlitumia vifaa gani?

Kompyuta mpakato ya mwenzetu anayefundisha, kiunganishi cha sauti (kifaa cha kuingiza maiki kwenye kompyuta) chenye njia nane tulichoazima, na maiki sita. Mbili ni Shure SM57, aina ambayo karibu kila bendi duniani imewahi kuiweka mbele ya amplifaya. Programu ya kurekodia ni Reaper, kwa sababu leseni yake ya watu binafsi ni dola 60 na haikusumbui kila mwezi kudai malipo.

Dramu tulizirekodi kwa maiki nne: moja kwenye kiki, moja kwenye snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), mbili juu. Wanaoanza huwa wanadhani maiki nyingi ndiyo ubora. Kwa sebule ndogo, kila maiki unayoongeza ni ugomvi mwingine, maana sauti moja inazifikia kwa nyakati tofauti na mawimbi yanakulana. Unashangaa kiki imekonda kama imefunga mwezi mzima. Tulichofanya ni kuchukua uzi wa fundi cherehani, tukaupima kutoka katikati ya snea hadi maiki ya kwanza ya juu, kisha tukaiweka ya pili kwa urefu uleule. Uzi wa shilingi mia mbili, na ndiyo siri ya dramu mnazozisifia.

Magitaa yalitutesa kwa namna nyingine. Hewa ya hapa ni kavu, hasa kipupwe, na mbao zinakunywa na kutema unyevu. Gitaa lililotoka Tanga mwezi Juni lilikuwa limepinda shingo kufikia Julai. Tulilazimika kurekebisha chuma cha ndani ya shingo mara mbili na kupima nyuzi kabla ya kila wimbo, hata kama lilipimwa nusu saa iliyopita.

Umeme ukikatika je?

Ulikatika. Na siku nyingine haukukatika, ni sisi tuliosahau kununua yuniti za LUKU, ikatuzimikia katikati ya solo iliyokuwa ikienda vizuri kuliko zote. Mpiga solo hajanisamehe, maana zamu ilikuwa yangu.

Lakini kiunganishi chetu kiliweza kuendeshwa na betri iliyokuwepo, na kompyuta ina chaji yake. Amplifaya hulala, maiki haziathiriki. Usiku mmoja mtaa mzima ulikuwa giza, jirani hana redio, friji ya shangazi imenyamaza, nyumba imekuwa kimya kuliko studio. Mwimbaji akachukua gitaa kavu la kwaya akaimba wimbo wa saba mara moja, mwanzo mwisho. Tulikuwa tumeupanga uwe wimbo mzito wa albamu, wenye magitaa matano. Mmeusikia ulivyo.

Kwa nini hamkwenda studio ya kawaida?

Tulikwenda. Studio nyingi za mjini zimejengwa kwa mtu mmoja na biti: kijichumba cha sauti, kompyuta, spika mbili nzuri. Kwa Bongo Fleva au singeli hiyo inatosha kabisa, na wale maprodyuza wana masikio makali. Dramu haziingii mlangoni, basi. Mmoja alituambia kwa upole atuwekee dramu za kompyuta. Mpiga dramu alitoka nje kuvuta hewa akarudi kesho yake.

Halafu tulitaka kupiga pamoja. Wazee wetu waliorekodi Redio Tanzania Dar es Salaam walisimama chumba kimoja, tarumbeta huku, tumba kule, wakapiga wimbo wote; ukikosea, mnarudia wote. Ukisikiliza kanda zile unasikia watu wakitazamana. Sisi msingi wa kila wimbo, yaani dramu, besi na rithimu, tulipiga pamoja. Vilivyoongezwa baadaye ni sauti na solo.

Iligharimu kiasi gani?

Milioni tatu na laki mbili, mkihesabu na nauli, na pilau ya siku ya mwisho. Fungu kubwa kuliko yote lilikwenda kwa fundi wa kumiksi, na hapo hatujuti. La pili kwa ukubwa lilikuwa chakula. Watu wanapopanga bajeti ya albamu huandika maiki na nyaya, hawaandiki kwamba watu wanne wanaopiga ngoma kutwa wanakula kama manamba wa shamba la mkonge. Sisi tulimaliza debe la unga kwa siku ambazo sitaki kuzitaja mbele ya shangazi.

Hela ilitoka wapi? Tulianza kuweka akiba kila baada ya onyesho tangu miaka miwili nyuma, tukacheza mchezo wa kupeana kama akina mama wa sokoni, na kilichopungua kikajazwa na yule mwenye duka la vipuri. Naye anapiga kwenye albamu, tofauti na mambo ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani: albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1989, iligharimu dola 606.17 kurekodi, ikalipiwa na Jason Everman, ambaye jina lake likawekwa kwenye jalada kama mpiga gitaa ingawa hakupiga hata noti moja. Mkopeshaji wetu ameusikia mkasa huo na sasa anadai apewe solo mbili albamu ijayo.

Zile ngoma na kinubi cha vidole kwenye wimbo wa tano ni nini? Mlizitoa kwenye kompyuta?

Kompyuta gani, jamani! Ngoma ni muheme, ngoma za akina mama wa Kigogo, zile zinazobanwa katikati ya mapaja na kupigwa kwa viganja. Hicho mnachokiita kinubi cha vidole ni ilimba, na kinacholia kwa kuburuzwa ni zeze. Wapigaji ni akina mama wanne na mzee mmoja kutoka kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino.

Eneo hilo ndilo lililomtoa Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, mtu aliyeipeleka ilimba hadi kwenye studio za mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza. Kwa hiyo hatukuwa wa kwanza kuchanganya. Tulichogundua wenyewe, kwa kuumia, ni suala la upimaji wa sauti, na hapa mniruhusu nirefushe kidogo kwa sababu ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwenye albamu.

Gitaa limegawanywa kwa hatua 12 zilizo sawa. Ni mapatano ya kiwanda: kila noti imesogezwa kidogo kutoka mahali pake pa asili ili nyimbo zote zipigike. Ala za Wagogo hazikuingia kwenye mapatano hayo. Zinafuata sauti za asili za waya, zile unazozisikia ukiugusa waya wa gitaa kidogo tu bila kuubana. Ukipanda kwenye ngazi hiyo, sauti ya tano inakaa chini ya ndugu yake wa kwenye gitaa, tofauti ndogo lakini inayosikika, na ya saba iko chini karibu theluthi ya hatua moja kati ya zile 12 za gitaa. Siku ya kwanza mzee alipopiga ilimba na sisi tukaingia na kodi zetu (noti kadhaa za gitaa kwa pamoja, si kodi za nyumba), ilitoka sauti ya kusaga meno. Mpiga solo akafungua programu ya kupimia noti kwenye simu, akamwambia mzee ala yake haijapimwa. Mzee akamtazama. Akapiga tena, polepole, akasema, "Hii nilipimiwa na baba yangu. Hiyo yako ulipimiwa na nani?"

Tukanywa chai. Kisha tukafanya mambo mawili. Kwanza, tuliyapima magitaa kwa kuifuata ilimba, badala ya kinyume chake. Pili, tukaondoa noti ya kati kwenye kila kodi, tukabaki na mzizi na noti ya tano ya do-re-mi juu yake (si ile sauti ya tano ya waya). Hizo mbili, kwenye gitaa na kwenye sauti za asili, zinatofautiana kwa kiasi ambacho sikio halikipati. Na hicho ndicho roki imekuwa ikifanya miaka yote! Kodi ya noti mbili, ndani ya amplifaya inayokoroma. Kule kukoroma ni nini? Ni amplifaya kuzidiwa na kuanza kuzaa zile zile sauti za asili juu ya noti uliyopiga. Gitaa linalokoroma tayari liko nusu ya njia kuelekea Ugogoni. Tulipoingia tena, noti ya saba ya ilimba, ile "mbaya", ilikaa juu ya mkoromo kana kwamba ilikuwa na kiti chake pale tangu zamani.

Akina mama nao walikuwa na darasa lao. Ngoma zilianikwa juani kwanza ngozi ikaze. Mpiga dramu wetu akaanza kuhesabu moja mbili tatu nne, wao wakacheka, maana mapigo yao yanazunguka yakipishana na kila mmoja anaingia kwa kumsikiliza mwenzake. Ilibidi azime mlio wa kumhesabia kwenye hedifoni na awafuate. Mmoja akamwambia, "Mwanangu, mbona unaipiga kama imekuibia?" Sikilizeni jinsi alivyopiga wimbo wa tano, halafu msikilize wa kwanza. Ni watu wawili tofauti.

Na kabla hamjauliza: walilipwa siku ileile, majina yao yamo kwenye jalada kwa ridhaa yao, na wana fungu lao kwenye mapato ya wimbo huo, kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazigusa pia sanaa za jadi, lakini hata isingezigusa, huwezi kumsalimia mtu "Mbukwenyi", ukala ugali wake, kisha ukaondoka na ngoma yake bure.

Kwa nini mnaimba Kiswahili tupu? Kiingereza kingewafikisha mbali.

Mwimbaji alianza na Kiingereza. Kilisikika kama mtu anayeigiza. Lakini Kiswahili nacho hakikukubali kirahisi, kwa sababu neno la Kiswahili linakazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua "sitakusubiri": mkazo uko kwenye "bi". Ukiiweka "ri" kwenye mpigo mzito wa snea, msikilizaji anahisi kuna mgeni anaimba, hata kama hajui kwa nini. Nyimbo tatu zilitupwa kwa kosa hilo.

Dawa tuliipata kwenye daftari la sekondari. Shairi la tarbia lina vipande vya mizani nane. Mzunguko wa mapigo manne, ukiyakata kila moja mara mbili, ni nane. Kipande kimoja cha shairi kinakaa kwenye mzunguko mmoja wa roki kama chanda na pete. Wimbo wa kwanza, wa nne na wa nane ni tarbia kabisa, vina vya kati na vya mwisho, ila hakuna aliyegundua kwa sababu ya makelele. Vina vyenyewe ni rahisi mno kupata katika lugha ambayo karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo tulijiwekea mwiko: hakuna kina cha "-ana" wala "-ia" kwenye kiitikio.

Nani alimiksi?

Fundi wa Dar es Salaam ambaye hapendi kutajwa. Tulimtumia mafaili, akatutumia nyimbo, tukazijaribu sehemu tatu: hedifoni za simu, spika za baa moja Area C, na bajaji. Bajaji ndiyo hakimu. Ukisikia maneno na kiki ndani ya bajaji inayopanda mlima kwa gia ya pili, wimbo umeiva. Miksi ya kwanza besi yangu haikusikika kabisa. Jina la Dodoma wanasema linatokana na neno la Kigogo la kuzama, tembo aliyedidimia matopeni. Na besi nayo ilikuwa imedidimia. Nililalamika, ikapandishwa, sasa wanalalamika wengine.

Hatukutaka ipigwe masta, yaani ule ukamilishaji wa mwisho wa sauti, hadi ipasuke. Mitandao kama Spotify hushusha yenyewe nyimbo zenye sauti kubwa kupita kiasi, hulenga kama -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukikandamiza wimbo ili uwe mkubwa kuliko wa jirani, unapoteza pumzi yake na ukubwa wenyewe hupewi.

Mmesajili wapi kazi yenu?

Bendi BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa; nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hakimiliki yenyewe huzaliwa kazi inapoundwa na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake; usajili ni ushahidi siku ya ugomvi. Lakini karatasi muhimu zaidi ni ile tuliyosaini sisi wenyewe mezani kwa shangazi, inayosema nani katunga nini na nani anapata asilimia ngapi. Isainiwe kabla ya wimbo kupendwa. Ukishapendwa kila mtu anakumbuka alichangia neno.

Naipata wapi?

Boomplay, Audiomack, Spotify, Apple Music na YouTube. Tulipitia msambazaji wa mtandaoni, ambaye pia ndiye aliyetupa zile namba za utambulisho zenye jumla ya herufi na tarakimu 12 kwa kila wimbo. Zihifadhini kama mnatoa kazi, mkibadili msambazaji bila namba hizo mnapoteza hesabu yote ya wasikilizaji.

Ila mauzo ya kweli yamekuwa flashi. Tunaziuza kwenye maonyesho, albamu nzima ndani, pamoja na maneno ya nyimbo na picha. Dereva wa daladala hahitaji bando.

Naruhusiwa kuchoma na kumpa rafiki?

Rafiki, sawa. Kibanda cha kujaza nyimbo kwenye memori kadi, tuongee kwanza. Wenye vibanda wawili wa Sabasaba walikuja wenyewe, tukakubaliana.

Mnapiga laivu lini?

Kati ya Aprili na Juni msitutafute mjini. Bunge la bajeti likiwa limekaa kumbi zinapanda bei na gesti zinajaa. Kuanzia Julai tupo. Singida na Kondoa tumealikwa, tunatafuta usafiri wa dramu. Dar tunaweza kwenda kwa treni ya umeme, tatizo ni ule mzigo wa matoazi, tukipanda nao kila abiria anauliza kama tunahama.

Mna fulana?

Nyeusi zimeisha. Za kahawia zipo, rangi ya vumbi, hazionyeshi uchafu.

Ile sauti ya mwanamke mwishoni kabisa mwa wimbo wa mwisho inasema nini?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Wengine wamesikia Kiarabu, mmoja amesikia unabii. Wimbo ule unaisha kwa gitaa kukoroma polepole hadi kimya, na tulijaribu mwisho huo mara kumi na moja. Kila mara, ama bati, ama jogoo, ama mtu kugusa waya. Mara ya kumi na moja ilikuwa safi, gitaa linafifia, sote tumeshika pumzi, saa nne usiku, hata upepo umetulia. Mlango wa uani ukafunguliwa. Shangazi, na mwiko mkononi:

"Wanangu, mlenda unapoa."

Mpiga solo hakuondoa mkono kwenye nyuzi mpaka sauti ilipoisha yenyewe. Kisha tulizima kompyuta tukaenda kula.